Shukrani ya Sayari Isiyokuwepo

Baba alitangaza sadaka ya shukrani kwa ajili ya sayari yangu kabla mimi mwenyewe sijawa na hakika kwamba ninayo sayari. Nilikuwa uani nafua, nikamsikia anaongea na mchungaji kwenye simu, akilivuta kila neno kwa shida, maana kiharusi kilimwachia akili yake yote lakini kikamnyang'anya wepesi wa ulimi. "Mwanangu," alisema. "Ameona... sayari. Mpya. Nataka kushukuru." Niliacha nguo kwenye beseni, nikaingia ndani na mikono yenye povu, lakini alikuwa amekwishakata simu, na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu nirudi nyumbani. Nilirudi uani nikazifua zile nguo kwa hasira mpaka shati lake moja likaachia kifungo.

Kazi yangu ni kusoma nyota zilizokufa. Nikisema hivyo hapa Isevya, mtaani kwetu Tabora, watu hunitazama mara mbili. Jirani yetu anayekaanga sambusa aliwahi kuniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumsafishia nyota, kwa kuwa biashara imekuwa ngumu. Nikamwambia mimi sisafishi nyota ya mtu, nafuatilia za juu, tena sizioni kwa macho. Alisikitika kweli, akanipa sambusa ya bure. Nadhani alinihurumia kwamba nimesoma miaka yote ile nikaambulia hivyo.

Nyota hizo huitwa pulsa. Nyota kubwa, kubwa mara nyingi kuliko jua letu, ikimaliza nishati yake hujiangukia yenyewe. Nje inalipuka, ndani inashindiliwa mpaka karibu kila kitu kinageuka nyutroni tupu, na kinachobaki ni mpira ambao ungeweza kuuweka kati ya Tabora mjini na Kigwa na nafasi ikabaki, lakini ni mzito kuliko jua. Ukichota kiasi cha kisoda tu, kifuniko cha chupa ya soda, umechota mlima. Na mpira huo unazunguka. Kuna zinazozunguka mara mia kadhaa ndani ya sekunde moja. Kwenye ncha zake za sumaku hutoka mawimbi ya redio, na kwa kuwa nyota haitulii, mawimbi hayo hutupitia na kutuacha, hutupitia na kutuacha, kama vile mtu amefunga tochi kwenye panga la feni. Kila yanapotupitia, antena inapata pigo moja.

Antena zenyewe ziko kusini kabisa mwa bara letu, kwenye nusu jangwa ambako simu na redio za watu hazipigi kelele. Mimi sizigusi. Data zinakuja, na mimi na wenzangu tuliotapakaa nchi mbalimbali tunazifanyia kazi kwenye kompyuta. Ndiyo maana niliweza kuhamishia kazi yangu yote kwenye meza ya chakula ya Baba, alimradi bando lipo na umeme haujakatika. Hata usiku hatuuhitaji. Nyota yangu ilikuwa ikipita juu ya bati letu mchana kweupe, jua likiwaka, na antena ziliisikia vilevile.

Lakini pigo moja peke yake ni dhaifu mno, limezama kwenye kelele. Kwa hiyo tunaukunja muda. Sina neno lingine la kueleza. Mama yangu alipokuwa hai alikunja kanga akihakikisha ua linalala juu ya ua, na mimi nilipokuwa nakunja kwa haraka, upana usio wake, maua yalipishana na kikawa kitu cha ovyo ovyo. Sisi tunakunja muda kwa upana wa mzunguko mmoja wa nyota, tabaka juu ya tabaka, maelfu kwa maelfu. Upana ukiwa sahihi, yale mapigo dhaifu yanalaliana mpaka yanajitokeza. Siku pulsa yangu ilipojitokeza kwa mara ya kwanza nilikuwa bado sijarudi nyumbani, na nililia mbele ya wenzangu bila aibu.

Nilirudi Tabora kwa sababu ya Baba. Mama alishatangulia, wadogo zangu wana ndoa na watoto huko waliko, na mimi ndiye nisiye na mume wa kumwomba ruhusa, kwa hiyo kikao cha ukoo kilichofanyika kwenye simu hakikuchukua muda.

Baba alikuwa stesheni masta. Alikaa Tura miaka mingi, ndiko nilikoanzia shule, kisha akamalizia kazi hapa mjini. Ninachokikumbuka zaidi cha Tura si treni zilizofika, ni zile ambazo hazikufika. Siku kichwa cha treni kikiharibika huko nyuma, au mvua ikisomba tuta la reli, Baba hakuandika ubaoni wala hakumtuma mtu. Alivaa kofia yake, akatoka ofisini, akaenda kundi kwa kundi pale walipokaa abiria na magunia yao na kuku wao na wagonjwa wao. "Nilisema inakuja asubuhi hii," aliwaambia. "Haiji. Nikijua zaidi nitarudi." Wapo waliomtukana. Alisimama akatukanwa mpaka wakamaliza, kisha akahamia kundi linalofuata. Mama alikuwa akimwuliza kwa nini asibandike tangazo kama wengine. Baba alijibu kwamba aliyewaambia inakuja ni yeye, si ubao.

Mtu huyo ndiye ambaye kiharusi kilimweka kwenye kiti cha plastiki barazani. Mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali alikuja, akamwonyesha namna ya kusimama na gongo na kuuvuta mguu wa kulia, akasema misuli haijafa, mguu utarudi kama utatumiwa. Alipokuwa anaondoka alinivuta kando. Akikaa hivi, aliniambia, atazoea kukaa, na akizoea hatutaweza kumwinua tena.

Baba hakuutumia mguu. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamnunia siku nzima. Mimi nina hasira za karibu, na ugonjwa wake haukunigeuza malaika. Nyumba yetu haiko mbali na barabara ambayo watu husema ndiyo iliyopitwa na misafara ya zamani, na siku moja nikaona niitumie hiyo kumchokoza. "Baba, babu zako walitoka hapa kwa miguu mpaka pwani, na pembe za ndovu mabegani. Wewe unashindwa kufika getini?"

"Wao," alisema, "hawaku... pooza."

Nikacheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na hakuna aliyefika getini.

Kilichomwondoa kwenye kiti ni kazi yangu, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. Asubuhi moja alikuwa mezani nami, chai yake inapoa, akaniuliza vile vidoti kwenye kioo cha kompyuta ni vya nini. Nikamwambia kwamba pulsa inazunguka kwa mwendo wa kutegemewa sana, kwa hiyo tunaweza kukisia mapema pigo lake litafika lini, kisha tunaangalia limefika lini kweli. Kila kidoti ni tofauti ya hizo mbili. Kikiwa juu ya mstari, pigo limechelewa. Kikiwa chini, limewahi. Sikuhitaji kueleza zaidi. Alikuwa ametumia maisha yake yote kwenye tofauti hiyohiyo.

Aliweka kidole kwenye kioo. "Hapa inawahi. Halafu... inachelewa."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa mpangilio?"

"Kwa mpangilio."

"Basi kuna kitu," alisema, na macho yake yakachangamka. "Kuna kitu... njiani."

Na mimi nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Pulsa ikiwa na sayari inayoizunguka, sayari hiyo huivuta kidogo huku na huku. Ikivutwa kuja upande wetu mapigo yanawahi, ikivutwa kwenda mbali yanachelewa, na vidoti vinapanda na kushuka polepole. Sayari za namna hiyo zilizojulikana ni chache mno. Nilijaribisha sayari moja kwenye hesabu zangu, na vidoti vyote vikakaa juu ya mstari wake bila kulazimishwa. Msimamizi wetu aliandika kutoka huko aliko: subiri, data zako hazijatimiza mwaka. Hiyo ni tahadhari ambayo kila mwanafunzi wa pulsa hupewa, nami nilikuwa nimewapa wengine mara nyingi.

Wiki hiyo Baba alianza kukataa chakula. Alikuwa akiusogeza ugali mbali na kusema ameshiba, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye mkono wangu, mwepesi kiasi cha kunitisha. Niliogopa, na kwa kuogopa nikaropoka. "Baba, labda kuna sayari pale. Labda mimi ndiye wa kwanza kuiona." Nilisema labda mara mbili. Sijui hizo labda zilianguka wapi, kwa sababu hakuna hata moja iliyomfikia. Alikula ugali wote na mboga yake, kisha akaniomba nimletee simu.

Kesho yake nilimkuta amesimama. Ameshika gongo kwa mkono wa kushoto, jasho linamtoka, anautazama mguu wake wa kulia kama mtu anayemsubiri mtoto mbishi. Alikuwa amekwishapanga kila kitu na mchungaji. Kanisani kwetu, na sisi ni Wamoravian tangu babu, anayetoa shukrani hakai kwenye benchi akasubiri kuombewa. Anatoka nyuma mlangoni, anatembea katikati ya watu mpaka mbele, ndugu zake wakimfuata kwa wimbo na kuku na ndoo za unga, na akifika anapewa kipaza sauti aseme anashukuru nini. Baba hakutaka kubebwa wala kusukumwa kwenye kiti chenye magurudumu. "Nitafika," alisema. "Kwa miguu."

Alifika getini. Baadaye akafika kwenye kibanda cha sambusa, kisha kwenye kona ya mashine ya kusaga, akipumzika kila alipoona pa kukalia. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja tena aliniuliza nimempa dawa gani. Nikamjibu nimempa sayari, akadhani namtania.

Na kila alipopumzika, alitangaza. Alimwambia kinyozi, akamwambia fundi cherehani, akawaambia vijana wa bodaboda wa pale kona, akamwambia mwenye duka la dawa na kila aliyeingia dukani kununua panadoli. Waliopita mbele ya baraza walisimamishwa. Wa mbali alipigia simu, wastaafu wenzake wa reli kuanzia hapa mpaka Tura. Watu walinipongeza barabarani, na mimi nilikuwa nikisema "bado, bado tunaangalia," wakanisifu kwa unyenyekevu.

Kwa upande mwingine niseme ukweli: nilifurahi. Nilikuwa nikimsikia kwa nje akihangaika na neno "sayari," herufi kwa herufi, na moyo wangu ulijaa. Sijawahi kumpa Baba kitu kilichomkaa hivyo.

Shangazi yangu, mdogo wake Baba, aliwasili Ijumaa kwa treni kutoka Kigwa, Jumapili ndiyo ikiwa siku yenyewe. Alishuka na jogoo mwekundu, dumu la asali, na kapu la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo Baba huvipenda kuliko mkate. Aliniangalia juu mpaka chini. "Sayari umepata," alisema. "Na mume?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nimeuliza."

Mchana huohuo, wakati yeye na Baba wakicheka barazani, data mpya zikaingia, na kwa data hizo mwaka ukatimia.

Nieleze kwa nini mwaka. Sisi hatujasimama. Dunia inalizunguka jua, na kwa miezi kadhaa inatusogeza kuelekea nyota fulani, kisha kwa miezi kadhaa inatuondoa. Tukiwa tunaisogelea, mapigo yanatukuta mapema, na tukiwa tunaiacha yanatufuata nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote tunautoa mwendo wetu wote, kana kwamba saa yetu imetundikwa katikati ya mfumo wa jua. Ili kuutoa wote, lazima ujue nyota iko wapi hasa angani. Ukikosea mahali pake kidogo tu, kiasi kisichoonekana kwa darubini ya kawaida, kuna masalia ya mwendo wetu yanabaki kwenye hesabu, yanapanda na kushuka, na yanatimiza duara lake kwa mwaka mmoja. Mwaka wetu. Mtu mwenye data za miezi pungufu anaweza kuyakuta masalia hayo, akayaita sayari, na sayari ikamkubalia. Ni kosa letu sisi watu wa pulsa. Sidhani kama kuna fani nyingine inayoweza kulifanya.

Niliisogeza nyota yangu angani, unywele tu. Vidoti vyote vikalala. Mstari ulinyooka kuliko reli ya Tura, na hapakuwa na kitu chochote juu yake.

Nilikaa mbele ya kioo nikisikiliza vicheko vya barazani. Sikulia kwa sababu ya sayari. Nililia kwa sababu ya mguu wa kulia wa Baba, maana nilijua kabisa unatembea kwa ajili ya nini.

Asubuhi ya Jumamosi nilimweleza Shangazi kwanza, jikoni, akiwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. "Mwambie Jumatatu," alisema.

"Asimame mbele ya kanisa ashukuru kitu ambacho hakipo?"

"Kwani atakuwa wa kwanza? Mwaka jana kule kwetu kuna mtu alishukuru mchumba. Yuko wapi?" Alitupa chuya uani, kuku wakakimbilia. "Mwanangu, acha mzee atembee. Mimi hii safari nimekuja kumwona kaka yangu anatembea. Hiyo sayari yenu hata sijui ni ya nini."

Nilikaribia kukubali. Nilikwenda mpaka mlangoni nikiwa nimekubali kabisa. Kisha nikamwona pale barazani, amevaa ile kofia yake ya zamani ya reli kwa ajili ya jua, anampungia mkono mtu wa baiskeli, na nikaona siwezi. Ningeweza kumdanganya baba mwingine yeyote.

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na magoti yake, nikamweleza yote. Nilitumia kikombe kuwa jua na kisahani kuwa Dunia. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alikisukuma kisahani kwa kidole kukizunguka kikombe, nikadhani hakuelewa.

"Kwa hiyo," alisema. "Aliyekuwa... anayumba?"

"Ni sisi, Baba. Nyota imetulia. Niliuona mwendo wetu wenyewe nikadhani ni wake."

"Haipo."

"Haipo. Nisamehe."

Hakunisamehe wala hakunilaumu. Alichukua gongo lake, akaliinamisha, akalisukuma chini ya kiti mpaka likafika ukutani, mahali ambapo mkono wake usingelifikia. Siku nzima hakuinuka. Mchana tulimletea chakula barazani, akaomba maji tu. Shangazi alipiga pasi suti yake ya kanisani huku akinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, akaitundika mlangoni, pale ambapo Baba angeiona akitaka na asipotaka.

Jumapili niliamka nikiwa nimejiandaa kumpigia mchungaji simu. Nilimkuta Baba amekaa kitandani, shati limefungwa vifungo juu chini, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. "Gongo," alisema. Nikalala kifudifudi sakafuni kwenye baraza, na nguo zangu za kanisani, nikalitoa kule nyuma ya kiti.

Tulikwenda kwa bajaji mpaka mlango wa kanisa. Ndugu wengine wa mjini walikuwa wakitusubiri na kuku na ndoo zao, na sikuwa nimewaambia chochote. Muda wetu ulipofika, mchungaji alisimama akatangaza kwa furaha kwamba mzee wetu anakuja kumshukuru Mungu kwa kuwa binti yake amegundua sayari mpya huko mbinguni. Watu wakapiga makofi. Nilitamani sakafu inimeze.

Baba alianza kutembea. Kwaya iliimba wimbo wote, ikaurudia, na sisi bado tuko katikati. Nilitaka kumshika kiwiko, Shangazi akanipiga kwenye mkono. Mguu wa kulia ulikuwa ukiburuta, ukisita, ukifika. Mtu mzima mmoja kwenye benchi la pembeni alikuwa akifuta macho kwa leso na bado hajui lolote. Kwaya ilipoanza kuurudia wimbo tena, Baba alifika mbele, akageuka kwa taabu, akapewa kipaza sauti. Alisimama akihema kwenye kipaza hicho, kanisa zima likamsikia anavyohema.

"Niliwaambia," alisema, "kuna sayari."

"Amina," wakajibu wachache.

"Haipo."

Mchungaji alinigeukia mimi.

"Mtoto amepima... tena. Haipo. Nimekuja... kuwaambia." Alitafuta maneno, na niliona jasho likishuka shingoni kwake mpaka kwenye kola. "Nilisema pia... nitafika hapa. Kwa miguu." Alitazama njia yote aliyopita, kutoka mlangoni. "Nimefika."

Shangazi ndiye aliyeanza vigelegele. Baada ya hapo sikusikia tena vizuri, kwa sababu kanisa lote lilikuwa limesimama, na mimi nilikuwa nimeficha uso wangu mgongoni kwa Baba, kwenye ile suti iliyonukia pasi na dawa ya nondo, nikilia kama mtoto. Ibada ilipokwisha, vitu vya sadaka vikapigwa mnada nje kama kawaida. Shangazi alimnunua jogoo wake mwenyewe, akisema hawezi kumwacha kwa watu asiowajua.

Jioni, Baba akila matobolwa, aliniuliza, "Na nyota?"

"Nyota ipo, Baba. Sasa tunajua inapokaa hasa, kwa hiyo ni saa nzuri kuliko mwanzo. Tunaweza kuitegemea."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutafuna. Sikumwuliza kuhusu mguu. Shukrani ilikuwa imepita, na hapakuwa na kitu tena mbele yake cha kumfanya atembee. Shangazi aliondoka alfajiri na jogoo wake kwapani, nami nikamsindikiza. Wote wawili tulikuwa tukifikiria kile kiti cha plastiki.

Niliporudi, jua lilikuwa limeshatoka. Kiti kilikuwa kitupu. Baba alikuwa getini, amevaa kofia ya reli, anahangaika na komeo kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Baba. Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mama." Huniita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. "Kwa kinyozi."

"Si umenyoa juzijuzi?"

"Nilimwambia kuna sayari."

Nikamwelewa. "Baba, kinyozi nitampigia simu mimi. Kaa upumzike, jana ulichoka sana."

Komeo likaachia. "Aliyemwambia," alisema, "si wewe."

Akatoka. Nilimwona akisimama kwenye kibanda cha sambusa, nikamwona jirani yetu akiacha kukaanga ili amsikilize, akitikisa kichwa kwa masikitiko, akimpa sambusa. Akaila pale pale, akajifuta mkono, akaendelea. Baada ya kinyozi kulikuwa na fundi cherehani, na vijana wa bodaboda, na duka la dawa na wateja wake wote, na ng'ambo ya hao kulikuwa na wale wastaafu wa reli, stesheni kwa stesheni, mpaka Tura, ambao nilijua hatakubali kuwamalizia kwa simu. Nilisimama getini nikimwangalia mpaka kofia ikapotea kwenye kona ya mashine, na nikamshukuru Mungu kwa moyo wangu wote kwamba Baba hakuwahi kuwa mtu wa kufunga mdomo.